Kalenga wa Sehemu ya Tatu

Kolwezi, 10 Februari 1974

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umekuacha upumzike kidogo. Sisi hapa kambini hatujambo. Mvua inanyesha kila siku, vumbi la mgodi limetulia, na hata kikohozi changu kimepungua.

Mama, furahi! Mado amejifungua juzi, mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima. Jirani yetu Valérie anasema ana paji la uso la kwetu. Tumempa jina Kalenga. Karani wa serikali hakutusumbua, maana ni jina la hapa hapa, na siku hizi hayo ndiyo majina wanayoyataka, ya Kizungu wameyapiga marufuku.

Mado anakusalimu sana. Ukipata mtu anayepanda treni, tutumie unga wa muhogo. Wa hapa sokoni una mchanga.

Mtoto wako,
Omer

Mutshatsha, 24 Februari 1974

Mwanangu Omer (naendelea kukuita kwa jina la ubatizo, anayetaka kunifunga kwa hilo anajua ninapouza makaa),

Salamu nyingi kwako na kwa Mado, na pole kwake kwa kazi aliyoifanya. Mgongo wangu usiuulize, una mambo yake. Barua yako niliisomea stesheni, nikacheza peke yangu hadi mkuu wa stesheni akatoka kuangalia kama treni imefika mapema.

Sasa niambie, Kalenga ni nani? Upande wa marehemu baba yako hakuna Kalenga. Upande wangu hakuna. Nimemwuliza shangazi yako Tshiela, naye anajua hadi majina ya mbuzi wa babu yake, hakuna. Je, ni mtu wa kwa Mado? Mtoto hapewi jina kama mtu anavyochagua kofia dukani. Anapewa jina la mtu, na mtu huyo ni wajina wake. Anamletea kitambaa, anambariki, na mtoto akiumwa yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Kama huyo Kalenga ni rafiki yako wa kazini, vizuri, mlete huku nimwone. Jogoo yuko tayari.

Unga nimempa fundi wa reli. Hesabu kwanza mifuko ndipo umshukuru.

Mama yako,
Mbombo

Kolwezi, 17 Machi 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo nyingi, na asante kwa unga. Mtoto ananyonya vizuri, mimi nipo zamu ya mchana wiki hii.

Huyo Kalenga hawezi kula jogoo wako, Mama. Ni mtu wa sinema. Usikasirike kabla ya kumaliza ukurasa.

Kila Jumamosi tunakwenda kwenye ukumbi wa Manika. Picha zinatoka mbali, na watu wa ndani yake wanasema lugha ambayo hakuna anayeijua. Basi yupo bwana mmoja, Barnabé, anasimama kando ya kitambaa cha picha na kipaza sauti cha bati, anatueleza wanachosema. Ndiye aliyempa yule mpanda farasi jina la Kalenga, kwa sababu jina lake lenyewe linavunja ulimi, na sasa hata Lubumbashi wanamwita hivyo. Katika sehemu ya kwanza, wezi walichukua ng'ombe zake, wakampiga risasi, akaanguka mtoni. Tulirudi nyumbani kama watu wanaotoka makaburini. Mwaka uliofuata ikaja sehemu ya pili. Mwanzoni kabisa tukaona mto ule ule, na kofia inatoka majini, na chini ya kofia ni yeye! Mama, wanaume waliotoka zamu ya usiku walipanda juu ya viti.

Utaniuliza kwa nini tunarudi kuangalia mambo tunayoyajua. Wanamdhulumu, ananyamaza, wanampiga, anainuka, hadithi ni hiyo hiyo. Nilimwuliza Ngeleka, ninayefanya naye kazi kwenye mashine ya kusaga mawe, maana yeye huwa wa kwanza mlangoni. Akanijibu: "Mi naendaka kumuona tu. Kama vile unaendaka kuona ndugu yako kama iko muzima."

Na jina, Mama, sababu yake ni hii. Yule mtoto wetu wa kwanza tulimpa jina la Baba, Tshibangu. Unajua yaliyotokea. Mtoto ambaye hajaota meno hafanyiwi kilio, ndiyo desturi. Wanawake walimzika asubuhi na mimi mchana nilikwenda kazini, na hakuna aliyenipa pole kwa sababu hakukuwa na matanga. Safari hii nilitaka jina la mtu ambaye wanampiga risasi na anarudi. Ndiyo yote.

Mtoto wako,
Omer

Mutshatsha, 2 Aprili 1974

Mwanangu,

Nakusalimu, na Mado, na huyo mjukuu wangu mwenye jina la kivuli. Mimi ni mzima isipokuwa hasira.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikataka kupanda treni nije nikupige makofi. Nimeisoma tena nikakaa chini. Habari za kwenda kazini mchana ule hukuwahi kuniambia. Pole, mwanangu. Imechelewa, lakini pole.

Sasa tuseme mambo ya jina. Huyo mtu wako ana mke? Analewa? Mama yake ni nani? Na nasikia hadithi yake haijaisha. Basi sikiliza. Mtu akifa porini na kuzikwa bila kuliliwa, mtoto hapewi jina lake, maana atabeba na upweke wake. Siku huyo Kalenga atakapokufa huko kwenye kitambaa, mtoto abadilishwe jina siku hiyo hiyo. Niahidi kwa maandishi.

Mama yako

Kolwezi, 20 Aprili 1974

Mama mpendwa,

Natumaini hujambo. Hana mke, halewi, mama yake hatujaonyeshwa.

Naahidi. Lakini hatakufa, utaona.

Mtoto wako,
Omer

Mutshatsha, 21 Septemba 1975

Mwanangu Omer,

Habari za siku nyingi, na za zamu, na za Mado. Asante kwa picha ya mtoto, ingawa mmemvalisha soksi wakati wa joto kama mzee wa kanisa. Mvua za kwanza zimefika, makaa yamelowa, mimi ni mzima.

Nakuandikia kwa haraka. Treni ya Lubumbashi ilisimama hapa muda mrefu na nikaongea na abiria. Kijana mmoja alinunua ndizi, nikamwuliza habari za mjini, akaniambia wameonyeshwa Kalenga sehemu ya tatu. Nikamshika mkono. Anasema wamempiga risasi tena, na safari hii hakuna mto, wamemfukia udongoni na kaburi linaonekana. Sikuamini. Nimekuwa nikiuliza kila treni inayopita. Wawili walisema ni kweli, na mama mmoja mnene wa behewa la kwanza alianza kulia kabla sijamaliza swali.

Umeahidi. Mbadilishe jina sasa hivi, kabla picha haijafika Kolwezi. Mwite hata Omer kama wewe, sijali.

Mama yako,
Mbombo

Kolwezi, 5 Oktoba 1975

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hapa si wazima sote. Kalenga ana malaria, wiki nzima sasa yuko hospitali, na Mado analala sakafuni kando ya kitanda chake. Homa inashuka asubuhi, jioni inapanda.

Nilimsomea Mado barua yako. Alinijibu, naandika kama alivyosema: "Mutoto ni mugonjwa, anajua jina yake moja tu. Tukimuita ingine, atajua namna gani kama ni yeye tunaita? Wee na mama yako muniache."

Picha imefika. Matangazo yamebandikwa ukutani pale Manika, itaonyeshwa Jumamosi ya tarehe 18. Sijui nifanye nini. Nikienda, nitamwona akifa. Nisipokwenda, kambi nzima itamwona akifa na mimi nitakuwa nimelala nyumbani kama mwoga. Ngeleka naye anajua kitakachotokea, wote tunajua, na bado watu wanaulizana nani atamwekea nani kiti. Ninaogopa, Mama.

Mtoto wako,
Omer

Mutshatsha, 9 Oktoba 1975

Omer,

Salamu baadaye. Usiende peke yako. Makaa nimemwachia Tshiela ingawa atayauza kwa hasara. Nafika Alhamisi. Mwambie Mado nakuja kumsaidia kumwangalia mtoto, siji kugombana.

Mama yako

Kolwezi, 16 Novemba 1975

Mama mpendwa,

Natumaini ulifika salama na kwamba Tshiela hakugawa makaa yote bure. Sisi ni wazima. Kalenga anakula kwa mikono miwili. Tangu daktari alipomruhusu ile Ijumaa, siku moja kabla ya sinema, homa haijarudi. Daktari anasema ni dawa. Najua wewe una maoni yako.

Mama, tangu ulipoondoka sina jina tena hapa kambini. Wananiita "mutoto ya mama ya kilio." Hata kapita, msimamizi wa zamu yetu, ananiita hivyo. Wewe ulikuwa umejifunika kitenge, mengi hukuyaona, kwa hiyo wacha nikueleze.

Walipomtupia udongo, wale wawili wenye majembe walijipangusa mikono, wakapanda farasi wakaenda zao. Hapo Barnabé akateremsha kipaza sauti chake. Ndipo wewe ukasimama. Mtu nyuma yetu akapiga kelele: "Mama, ikala, hatuone!" Na wewe ukamgeukia: "Nitaikala namna gani? Banazika mutu bila kilio na ninyi munaangaria tu? Yeye hana mama?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuvuta nguo, ukanipiga mkono.

Kisha ukaanza ule wimbo wa kilio wa kwetu Kasai, ambao bibi aliimbiwa alipozikwa. Mwanzoni ulikuwa peke yako. Mado, aliyekuwa amemwacha mtoto kwa Valérie, akaitikia, na ujue hajawahi kukubaliana na wewe tangu nimwoe. Wanawake wanaouza karanga mlangoni wakaacha vikapu, wakaingia na mikono kichwani. Mtu wa mashine ya sinema akazima picha akawasha taa. Ngeleka alivua kofia. Wanaume waliokuwa wanacheka walipoona Ngeleka amevua kofia nao wakavua.

Halafu na mimi nikalia. Si kwa ajili ya mpanda farasi, sijui, labda na yeye kidogo. Nilimlilia Tshibangu wetu mdogo. Sikuwa nimemlilia hata siku moja, Mama, na pale nililia mpaka shati likalowa, na kila mtu akadhani ni sinema. Mado hakudhani hivyo. Alinishika mkono mbele ya watu wote.

Pale nje ulisema maneno ambayo watu wanayarudia hadi leo: "Sasa tunaisha kumulilia. Iko marehemu kama bengine. Mutoto abaki na jina yake." Nami ahadi yangu ikanitoka mabegani, nikalala vizuri usiku ule.

Jumamosi iliyofuata waliionyesha tena. Ukumbi haukutosha. Wanawake wa kambi ya Musonoi walikuja na vitenge vya kilio, wamepanga na mwimbishaji wao. Wengine walikuwa wameshaiona. Barnabé anasema picha ikifika pale pa majembe, anakaa chini, anawaachia nafasi.

Mtoto wako,
Omer

Kolwezi, 8 Agosti 1976

Mama mpendwa,

Shikamoo, na habari za mgongo. Kalenga anakimbia, anavunja vikombe, anakusalimu. Mado ana mimba, lakini usiseme stesheni kwanza.

Nina habari, na sijui kama ni nzuri. Jana wamebandika tangazo jipya pale Manika. Sehemu ya nne, Jumamosi ya tarehe 21. Ni yeye, Mama. Kofia ile ile, farasi yule yule. Barnabé anasema hawakumfukia vizuri. Watu wamegawanyika. Wazee wa kanisa wanasema tumechezewa, mtu aliyeliliwa harudi tena, na kama ni hivyo machozi yetu wayarudishe. Ngeleka amekasirika kabisa, anasema hakanyagi tena pale. Nimemwona leo asubuhi anauliza mlango utafunguliwa saa ngapi.

Mimi nafikiria mtoto. Tulisema jina ni la marehemu, sasa si marehemu. Niende au nisiende? Nakuuliza wewe kwa sababu kilio kilikuwa chako.

Mtoto wako,
Omer

Mutshatsha, 15 Agosti 1976

Mwanangu Omer,

Nakusalimu kwa furaha, na Mado, na aliye tumboni, ambaye stesheni wameshamjua, usiniulize kwa nani. Mgongo unaniuma na leo sina habari nao.

Hilo ni swali la kuniuliza? Nimemlilia mama yangu. Nimemlilia baba yako. Nimewalilia ndugu zangu wote, na mjukuu wangu nilimlilia jikoni peke yangu na moshi ukanisaidia. Katika hao wote hakuna hata mmoja aliyebandikwa ukutani kwamba atarudi Jumamosi. Mmoja ananirudia, halafu mimi nibaki hapa kuuza makaa? Waambie wazee wa kanisa kwamba machozi yangu sidai. Wamrudishe yeye tu, nimwangalie.

Nafika Alhamisi. Safari hii mtoto tunaenda naye, mnipe mimi nimpakate, tukae mbele kabisa. Na mwambie Mado asipike samaki, tumbo langu halimtaki siku hizi. Bukari ya unga wa muhogo na majani ya sombe vinatosha.

Mama yako,
Mbombo