Behewa la Asali

Mjukuu wangu Neema,

Salamu kutoka Downsview, huku ughaibuni, ambako theluji imefika madirishani nami nimejaa joto tele moyoni. Shangazi yako hajambo, amepata kazi ya kuhudumia wazee. Umeniuliza kama ni kweli nimeolewa na mzee anayecheza na treni za watoto. Ni kweli, mjukuu wangu, na nina furaha hadi naona haya.

Babu yako mpya, Yona, hukusanya mabehewa madogo ya mizigo, mfano wa yale ya zamani yaliyochorwa matangazo ubavuni: achari, chai, sabuni. Wiki ya kwanza ya ndoa nikataka kumfurahisha. Nikachukua behewa lililochakaa kuliko yote, nikalisugua kwa stili waya kama sufuria. Tangazo la achari likatoka lote. Alikuwa amelitafuta behewa hilo miaka kumi na miwili.

Alipolishika, nikaona nimeiharibu ndoa yangu changa. Nikajitetea kwa machozi: "Usichanani niliuza asali stesheni ya Tabora. Chupa yenye vumbi hainunuliwi, Baba. Nimezoea kusugua."

Akaligeuza behewa mkononi. Kisha akauliza, "Asali yako ilikuwa na tangazo?"

"Tangazo lilikuwa koo langu. Nilipaza sauti dirisha hadi dirisha."

"Basi pumzisha koo, mke wangu." Akachukua brashi ya rangi.

Sasa treni inazunguka sebuleni, na ubavuni mwa behewa lile pameandikwa ASALI YA TABITHA, TABORA. Kila likipita, mzee wangu huinua mkono, kama abiria anayeniita nimuuzie.

Bibi yako, tena bibi harusi,
Tabitha