Miaka Sita Waliyotaka Kunikata

Mama,

Nimekataa. Nakuambia mimi mwenyewe kabla Papa hajanishtaki kwako katika sala zake, maana bado amenikasirikia.

Kuna timu ya ng'ambo ilitaka kunisajili, mimi Masika wako, kipa wa timu ya wanawake hapa Beni. Waliona video zangu, wakajadiliana na meneja wangu kwa simu wiki tatu nzima: misimu mingapi, nyumba ya kulala, tiketi ya ndege, nani atanitibu nikiumia. Nilikuwa nimeshaanza kuwaaga majirani wa Bungulu. Kisha wakauliza umri.

Nina miaka ishirini na nne. Meneja akawaambia kumi na minane, ili wanipe mkataba mrefu. Akaniletea cheti kipya cha kuzaliwa, kina mihuri yote. Nikakisoma. Mama, ulikufa nikiwa na miaka mitano. Kwa cheti kile, nilizaliwa mwaka mmoja baada ya kukuzika! Yule bwana aliliona tatizo hilo na kulimaliza: penye jina la mama akaandika mama mdogo, ambaye Papa alimuoa baadaye.

Kwanza nilicheka. Kwetu Masika ni jina la binti wa kwanza, na mama mdogo ana Masika wake, mdogo wangu ninayelala naye chumba kimoja. Mnande gani amewahi kuona mama mmoja akizaa binti wa kwanza mara mbili? Kisha nikalia, tena vibaya.

Papa akasema, "Ni papier tu, karatasi tu, Masika. Signe mkataba, mama yako atakuelewa." Labda ungenielewa, ulikuwa mpole kuliko mimi. Lakini kumbukumbu zangu juu yako ni chache mno, siwezi kumgawia mtu hata moja. Nakumbuka Mbau, kando ya barabara, unanirushia avoka, matunda yako ya kuuza, moja moja kutoka kikapuni nizipange, na sauti yako: "Kamata, hapana angusha!" Sasa alizirusha nani, kama mimi nilikuwa sijazaliwa?

Nikampigia simu mkurugenzi wa timu ile mwenyewe. Kwa Kifaransa changu cha kubabaisha nikamwambia: nina ishirini na nne, na mama yangu aliitwa Kavira. Kesho yake wakaandika kwamba wanatafuta kipa mwenye umri mdogo zaidi. Meneja ameniita mjinga mbele ya timu nzima. Aniite tu.

Inaniuma, sikudanganyi. Nilitaka sana kwenda, na siku mbili sikugusa mpira. Leo nimerudi uwanjani, na wenzangu wamenipigia mashuti mpaka mikono ikavimba.

Lala salama, Mama. Timu nyingine ikija, itanikuta na miaka yangu yote, pamoja na ile mitano niliyokuwa nawe. Wakitaka kuipunguza, nitawafungia mlango tena. Hilo nakuahidi.

Binti yako wa kwanza,
Masika