Damu ya Karani

Jumatatu, 3 Machi

Karani, mbwa wetu, hakunisindikiza leo. Haijawahi kutokea! Kila asubuhi hukaa mlangoni na kumkagua kila anayetoka, kama mtu wa mapokezi. Ndiyo maana mume wangu alimpa jina hilo. Leo nimemruka kwenye kizingiti, hakuinua hata sikio. Bakuli la chakula halijaguswa.

Wifi kafurahi. Yuko kwetu mpaka paa la nyumba yake litengenezwe, na mbwa anawaogopa kama radi. Siku zote hupita kwa ubavu, mgongo ukutani, mkoba kifuani. Leo kakatiza katikati ya sebule, kichwa juu. "Huyo mwenzenu leo kastaarabika," akasema.

Labda kala kitu kibaya.

Jioni – nimeuona mkojo wake kwenye saruji ya uani. Rangi ya chai iliyokolea. Kesho kwa daktari, wanafunzi wangu wa udereva wasubiri.

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa wanyama ni mwanamke mwembamba, sauti ya chini, mikono imetulia kuliko yangu kwenye usukani. Kainua mdomo wa Karani. Ufizi mweupe kama karatasi. Macho yana umanjano. Kachukua damu, kadondosha tone kwenye kioo, kaniita nisogee nione. Tone lilikuwa linajikusanya vipunje vipunje, kama maziwa yaliyokatika.

Kinga ya mwili, kasema, ile inayopaswa kupigana na magonjwa, imegeuka. Inashambulia damu yake yenyewe. Nikamuuliza nimemlisha nini, nimekosea wapi. Kasema hujakosea, mara nyingi chanzo hakijulikani.

"Na wewe hujui?"

"Sijui. Ninachojua ni cha kufanya sasa."

Nimempenda kwa jibu hilo. Watu wengi wangetunga.

Karani kabaki huko na mrija mguuni. Steroidi ya kuituliza hiyo kinga, dawa ya kuzuia damu isigande, nyingine ya kulinda tumbo. Nimerudi na kamba mkononi, haina mbwa. Wifi kaiangalia kamba, kaniangalia mimi. Nikamweleza. Kasema: "Kikulacho ki nguoni mwako." Kisha kanipakulia chakula. Sikumwomba.

Kasema pia nimwambie kaka yake, mume wangu. Nikasema yuko barabarani na lori, kwa nini nimtie wasiwasi. Kasema: "Wifi, huyo mbwa akifa umenyamaza, utakayezikwa ni wewe." Nimempigia. Upande wa pili injini tu inasikika. Kisha kasema ataegesha pembeni kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Asilimia ya chembe nyekundu za damu inashuka. Mbwa mzima huwa juu ya thelathini na tano, yeye jana kumi na nne, leo kumi na moja. Daktari kapiga simu asubuhi: anahitaji kuongezewa damu, leo, na hakuna benki ya damu ya mbwa hapa. Tafuta mbwa mkubwa, mzima, mwenye chanjo zote. Mtulivu.

Mkubwa namjua mmoja tu. Jeshi, wa karakana ya mbao. Mtulivu? Watu huvuka barabara wakiona kivuli chake!

Na mwenye Jeshi ni mwanafunzi wangu. Mzee Randa, tunavyomwita – seremala, mabega kama kabati, hacheki. Kaamua kujifunza gari uzeeni na kila siku anaipiga klachi kama anakanyaga nyoka. Somo lake lilikuwa leo hii. Nimeanza kusema tukiwa kwenye mzunguko. Gari likazima hapo hapo. Nyuma yetu honi, matusi. Yeye kaushika usukani, anatazama mbele.

"Jeshi hajawahi kumpa mtu kitu. Labda meno."

Nikasema najua.

"Itamuuma?"

Nikamweleza alivyonieleza daktari: sindano shingoni, uchovu kidogo, maji mengi, baada ya hapo mwili wake unatengeneza damu nyingine.

"Na wako atapona?"

Nikasema sijui. Kwa kweli nilifikiri ndiyo mwisho wa mazungumzo. Kawasha gari. Kageuza – bila kugonga ukingo, kwa mara ya kwanza tangu nimfundishe! – na tukaenda karakana moja kwa moja. Jeshi kapanda kiti cha nyuma na vumbi lote la mbao. Pumzi yake kisogoni mwangu njia nzima. Sijawahi kukaa wima vile.

Kliniki. Daktari kachanganya kwanza matone ya damu za wote wawili kwenye kioo, kaangalia, kasema si kamilifu ila hatuna muda wa kuchagua. Kamnyoa Jeshi kiraka shingoni. Mzee Randa kapiga magoti, kaweka paji lake juu ya paji la mbwa, kaanza kumnong'oneza. Sikusikia yote. "Baba yuko hapa, tulia, mwanangu." Yule mzee! Na lile dubwana likatetemeka mwili mzima lakini halikusogea. Likatazamana naye tu mpaka mfuko ukajaa. Mfuko mzito, mwekundu, wa moto – nimeushika.

Daktari kauning'iniza juu ya Karani. Tone, tone. Mkono wake haukutoka kifuani mwa Karani, anasikiliza kama damu imekataliwa. Haikukataliwa.

Mzee Randa kauliza kama somo lake la leo limehesabika.

Alhamisi, 6 Machi

Kumi na tisa! Na kakunywa maji.

Mume wangu kaomba asikilizishwe sauti ya mbwa, au mbwa asikilizishwe yake. Saa za kuwatembelea wagonjwa nilikuwa na mwanafunzi wa mtihani, siwezi kumwacha. Nimemwambia haiwezekani leo. Jioni nafika kliniki, daktari ananiambia wifi yangu kishakuja na kuondoka.

Wifi! Kwa miguu yake mwenyewe! Daktari kasema aliingia kwenye kile chumba cha vizimba, mbwa wengine wanabweka, yeye macho kayafumba, mkono kaunyoosha mbele na simu kama anayemulika shimo, hatua moja moja mpaka daktari akamwambia umefika. Kaka yake kaongea humo. Karani kasogeza mkia. Alipoambiwa kasogeza mkia, wifi kafungua jicho moja.

Nyumbani nimemkuta jikoni. Anajidai kuchambua mchele.

Jumamosi, 8 Machi

Yuko nyumbani. Dhaifu, lakini kajikongoja mwenyewe mpaka mlangoni na kukaa.

Tatizo ni vidonge. Nimevificha kwenye nyama – kala nyama, kidonge katema, kikavu kabisa, utadhani kakiosha. Nimevisaga kwenye uji – kageuza uso. Nimembembeleza, nimemwimbia, nimemlilia. Wifi kasimama kwenye mlango wa jikoni juu ya kigoda, anatazama. Mwisho kashindwa kuvumilia.

"Wewe unambembeleza. Kidonge hakibembelezwi!"

"Basi njoo wewe."

Nilisema kwa hasira tu. Kashuka. Kafunga khanga kiunoni, kaja kwa nyuma, kasema kwa sauti isiyo yake, "Mimi nimesuka vichwa vya wabishi miaka yote, watoto wanaong'ata na mabibi harusi." Kakibana kichwa cha Karani kwapani, kama pale saluni kwake mtu akileta fujo. Kidole gumba pembeni mwa mdomo, kidonge nyuma kabisa ya ulimi, mdomo kaufunga, koo kalikanda polepole. Gulu. Kimeshuka!

Kisha kakimbilia sinki. Kanawa mpaka viwiko, sabuni kibao, analia na kucheka pamoja. "Ulimi wake wa moto, wifi! Hukuniambia una moto!"

Vilibaki vitatu. Kavimaliza vyote.

Jumatano, 12 Machi

Ufizi: waridi! Hafifu, lakini waridi. Aliyeona kwanza ni wifi. Anamfunua mdomo kila saa sasa, kama anayenunua ng'ombe.

Steroidi imemfanya mlafi. Anakunywa ndoo na kuikojoa sebuleni. Jana kala chakula chote cha mchana cha wifi, pamoja na kitambaa kilichofunikia. Daktari kasema kitapita. Kimepita. Wifi kapiga deki tena, anatukana ukoo mzima wa mbwa, kisha kamtandikia shuka lake safi.

Jumapili, 16 Machi

Hofu kubwa. Anahema kwa kasi, kalala ubavu, hataki kuguswa. Daktari alishanionya juu ya damu kuganda na kuziba mapafu. Nimempigia, siku yake ya mapumziko. Kaja na baiskeli, nguo za nyumbani, kandambili. Kamsikiliza muda mrefu, kila upande. Kakagua miguu, ulimi, kila kitu.

Siyo kuganda. Ni dawa na joto tu. Nikaketi sakafuni palepale.

Naye kaketi. Wifi kamletea maji. Tukamuuliza, kama ndugu sasa: huyu atapona? Katuambia alipokuwa mwanafunzi alikuwa na mbwa wake mwenyewe, ugonjwa huuhuu. Alifuata kila hatua, na walimu wake wakamsaidia, na mbwa akafa. Wapo wanaopona kabisa. Wapo wanaorudiwa. "Sitawaahidi. Ila nikiitwa nitakuja."

Wifi kamsindikiza mpaka barabarani. Karudi, kasema: mtu anaumwa na jeraha lile lile kila siku na bado analishika kwa mikono miwili.

Ijumaa, 28 Machi

Thelathini na mbili. Na mume wangu karudi!

Alipofungua mlango Karani kasimama, kapiga chafya, kamkagua viatu. Tumecheka. Lakini nimemwona mume wangu akimpapasa kichwa – nyama zimeisha, mifupa mitupu juu ya macho, halafu tumbo kama ngoma. Kasema anakwenda kuangalia matairi ya lori. Kayaangalia muda mrefu sana.

Mchana wifi kampa somo la kidonge. "Siyo hivyo! Unamshika kama usukani! Kwapani, kaka, kwapani!" Mwanamume anayepita milima na tani za saruji, katemewa kidonge usoni.

Mzee Randa kafaulu mtihani wa udereva. Kaja kutuonyesha leseni, kaja na Jeshi. Nilidhani mbwa wale watatambuana, damu nzito kuliko maji. Jeshi kanguruma. Karani kamgeuzia kisogo. Hakuna cha undugu! Mzee Randa ndiye aliyemkagua mgonjwa, kachuchumaa, kamfunua ufizi kwa kidole chake kile kama mpini. Kasema ukimhitaji tena, usingoje somo.

Jumatatu, 7 Aprili

Thelathini na sita. Daktari kapunguza dozi, kidogo tu, kama mtu anayeshusha mzigo wa vyombo vya kioo. Hapo ndipo penye hatari, kasema: ukiilegezea kinga kamba, huenda ikang'ata tena.

Mume wangu kaondoka. Katuaga sote watatu. Karani kaagwa mara mbili.

Jumamosi, 19 Aprili

Ishirini na saba.

Daktari kapiga simu kabla sijanywa chai. Imeshuka. Sauti yake ileile, ya chini, hakuifunika na maua. Dozi irudi juu leo hii, iongezwe dawa ya pili ya kutuliza kinga, apimwe tena Jumanne. Nikamuuliza tumeharibu wapi. "Hatujaharibu. Ugonjwa umerudi tu. Na sisi tunarudi."

Na leo ndiyo siku ya wifi kuondoka. Paa lake limekwisha, wateja wake wanamsubiri, begi liko mlangoni tangu asubuhi. Nimemwambia nenda, nitaweza. Nimeshajifunza, kwapani, kidole gumba, nyuma ya ulimi. Kasema sawa. Kanikumbatia. Kavaa viatu.

Karani katema. Kidonge kipya, kikubwa kuliko vingine. Nimejaribu tena – katema. Amechoka, anapumua juu juu, hataki kuniangalia.

Teksi imefika. Dereva kapiga honi.

Wifi kaangalia begi. Kavua viatu, kakunja mikono ya gauni lile jipya, kapiga magoti. "Njoo hapa, jeuri wee." Kichwa kwapani. Sasa anamkanda koo, polepole, anamwambia maneno siyasikii. Nimekaa mezani naandika ili nisiwatazame sana.

Honi tena. Mimi namwambia wifi, teksi. Yeye ananiambia, shh.

Bado hajameza. Wifi bado hajamwachia, na begi bado liko mlangoni.