Mbegu Ulizoniachia Nizilinde

Mama,

Mbegu za viazi ulizoniambia nikungojee nazo zimechipua mpaka machipukizi yamepenya kwenye nyufa za stoo. "Usipande mpaka nirudi, Wairimu. Wewe hupanda karibu karibu sana," ulisema ukiwa tayari umevaa koti la safari. Nami nikangoja. Mvua ikaja, majirani wote wa huku Molo wakapanda, wakapalilia, na mimi nikawa nawajibu pale uani kwamba namngoja mwenyewe. Ulinifanya mjinga, Mama. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma.

Safari ilikuwa ya mpango wa Njeri. Unajua dada yangu yuko angani kila wiki huko Amerika akiuza mashine za hospitali, na kila akipanda ndege shirika humwekea maili, vile supamaketi ya Nakuru inavyokuwekea pointi kwenye kadi. Zikifika kiasi, hubadilisha na kiti, na kiti hicho anaweza kumpa mtu yeyote. Alikupa wewe ukamwone mtoto wake, maana yeye hawezi kutoka nchi ile kabla karatasi zake hazijakubaliwa. Nilipouliza mbona tiketi ni ya kwenda tu, alinieleza: "Maili ni hivyo, Wairimu. Unakata kwenda peke yake, kurudi peke yake. Ya kurudi tutaangalia wakifungua seats."

Nikaamini. Tena nikawa mwalimu. Kila aliyeniuliza kanisani unarudi lini nilimpa somo zima la maili, utadhani nina ofisi ya tiketi mjini. Siku ya safari, jirani yetu Baba Kamau aliyetupeleka na gari lake akashangaa: "Kwani mathe hana return?" Ulimjibu kabla sijafungua mdomo, "Hiyo Njeri ata-organize." Kisha ukageukia dirisha, ukatazama nje kutoka Gilgil mpaka Naivasha. Nilidhani unaogopa ndege. Nikakupa peremende.

Na ile sare. Niliipiga pasi mimi mwenyewe, gauni na kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, nikakutania kama unaenda kulea mtoto au kuongoza mkutano. "Kwani huko hakuna kanisa?" ulisema, ukacheka. Ulicheka vizuri sana, Mama. Kicheko hicho sitakisamehe haraka.

Asubuhi Njeri alipopiga simu kusema umelala na hukuamka, nilikuwa nakamua. Jioni akina mama wakafika. Mama Shiro, mwenyekiti wao, akauliza sare yako iko wapi, kwa vile mwenzao huzikwa nayo na wao ndio humvalisha. Nikamwambia ulienda nayo. Akaketi polepole, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Alienda nayo? Basi huyu alijua."

Nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika.

Nikampigia Njeri. Alilia kwanza, halafu akasema yote. Zile siku ulizoenda Nakuru kutafuta uzi wa sweta, ulikuwa unamwona daktari. Ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali. Ukamwapisha Njeri asiniambie, na ukaomba uzikwe hukohuko ili nisiuze ng'ombe wala kipande cha shamba kukurudisha, kwa sababu maili hukatia tiketi mtu aliye hai, haziwezi kulipia jeneza. Hata hayo uliyapanga. Mimi niliyelala chumba cha pili miaka yote hii, niliyejua ukikohoa na ukigeuka kitandani, sikustahili kujua. Siri ukaipeleka ng'ambo kwa simu.

Najua ungeniambia nini. Kwamba mimi nilikuwa nawe siku zote na Njeri hakuwa nawe. Kwamba mtoto yule alikuwa hajawahi kubebwa na cucu, nyanya yake. Njeri alinitumia picha, mtoto amelala kifuani mwako na wewe umefumba macho. Unaonekana una raha kweli. Nikafurahi kwa ajili yako, halafu nikaitupa simu kitandani. Ulikuwa na siku chache, ukampa yeye zote. Mimi ukanipa mbegu za kulinda.

Tulikuzika kwa simu, nimeiegemeza kwenye thamosi sebuleni. Akina mama waliimba huku, wachache wakaimba huko, na nyimbo zikawa zinapishana kwa sababu mtandao ulikuwa unakawia. Ulikuwa umevaa sare yako. Lakini kitambaa, Mama! Kilifungwa vibaya, fundo limekaa upande, na mimi ndiye niliyekufungia kila Jumapili. Nilipiga kelele, "Njeri, kirudishe kisogoni!" Hawakunisikia. Ungeniambia, ningemfundisha kabla. Ningekuaga nikijua nakuaga. Badala yake neno langu la mwisho kwako pale uwanja wa ndege lilikuwa usisahau kuniletea blenda.

Sasa Njeri anasema maili zimefika za kunitosha na mimi, niende nione kaburi. Ya kwenda, halafu ya kurudi tutaangalia. Nilimkatia simu. Baadaye nikampigia tena, nikamwambia akate tiketi zote mbili siku moja, nizione zote mbili kwa macho yangu, ndipo nitakapopanda ndege yake. Akasema sawa.

Leo nimeingia stoo. Nyingi zimenyauka, nyingine zimeoza na kutoa maji. Nimechagua zilizo hai nikazipanda kule chini karibu na mto, na nimezipanda karibu karibu, vile ulivyokataza. Mikono bado ina udongo ninapoandika haya.

Nina hasira nawe, Mama, na sitaiacha nyumbani. Nitakuja nayo mpaka huko, niketi kando yako niseme yote kwa sauti, hata kama Njeri ataona aibu. Nitabeba kitambaa cheupe, nimuonyeshe fundo linavyofungwa. Halafu nitakuaga, nikijua nakuaga.

Kwaheri kwa sasa, Mama. Nakuahidi nitakuja. Na mimi nitarudi, kwa sababu viazi vitakuwa vimekomaa.

Wairimu wako