Joto la Nyumba ya Abu Nasir

Mdogo wangu Rukia,

Nakuandikia kwa Kiswahili, tena waziwazi, asome anayetaka, kwa sababu mumeo hajui Kiswahili zaidi ya "jambo" na "asante". Kwenye simu siwezi tena kusema nawe. Kila nikikupigia umewasha spika. Usinikatalie, sauti ya spika naijua, inakuja kama uko ndani ya pipa. Unasema mikono ina shughuli, unamwosha mama yake. Na mimi nikianza tu "hebu nieleze vizuri," namsikia yule bibi anakohoa pembeni, na sauti ya ugomvi haihitaji mkalimani, basi narudi kuulizia hali ya hewa ya Jeddah. Unaniambia huko Baghdadiyah mnatoka jasho hata Januari. Halafu unacheka, na kicheko chenyewe mimi sikiamini.

Najua utasema nini. "Dada, wewe hata kivuli chako unakishuku." Umenisema hivyo tangu tuko Mombasa, nilipokuwa nahesabu vipande vya nyama nikitoka jikoni na nikirudi nahesabu tena. Haya, niseme utakavyo. Lakini vipande vilikuwa vinapungua kweli, na mlaji ulikuwa wewe.

Unakumbuka ulivyokuja Riyadh mara ya kwanza? Zile siku maofisi ya kuajiri yalikuwa yanashusha wasichana wa kwetu kila ndege, Wakenya, Waganda, wengine hata shule hawajamaliza vizuri. Wewe ulishuka na dera na ndara, ati ndani ya mkoba una feni ndogo ya betri. Ilikuwa Disemba. Ulinipigia kwa simu ya madam wako unatetemeka, "Dada, kwani jangwani kuna baridi?" Nilicheka mpaka Baba Nuru akaja kuuliza nani amefariki. Miaka miwili ulifanya kazi kwa yule madam, ukajua Kiarabu kuliko mimi niliyekutangulia, kisha ukahamishiwa dhamana ukawa chini ya kafili, mdhamini, mwenye saluni ya kina mama, ukaja kukaa na sisi. Kile chumba cha mbele kilikuwa chako, na Nuru mwanangu alipozaliwa akakihamia, maana usiku alikuwa hanyamazi ila kifuani kwako.

Mimi nilifurahi. Na nikifurahi sana huwa natazama nyuma yangu, ndivyo nilivyo.

Nyumba ya Abu Nasir sikuipenda tangu siku tuliyoingia. Mkataba aliotia saini Baba Nuru ulisema mashine za hewa, ya baridi na ya moto, ni jukumu la mwenye nyumba, na mpangaji haruhusiwi kuchomeka hita yake, ati nyaya ni za zamani. Nilimuuliza Baba Nuru, "Na yake ikiharibika?" Akanijibu, "Itaharibikaje na ni mpya?" Ndiyo shida ya kuolewa na mwanamume mwenye roho nyeupe. Anadhani watu wote wamezaliwa na mama yake.

Baridi ilipoingia ule mwaka, mashine yetu ikaanza kupuliza upepo wa barafu. Yetu peke yake, Rukia! Wa juu yetu walikuwa wanapita ngazini na fulana, na ukigusa mlango wa Mama Hiba, yule Msudani wa ng'ambo ya ukumbi, unasikia uvuguvugu. Sisi tunalala na abaya juu ya sweta. Ulikuwa unachemsha maji, unajaza chupa, unazifunga kwa taulo na kuzipanga ubavuni mwa Nuru. Ulishona soksi mbili mbili zikawa soksi moja nene. Siku tulipothubutu kuchomeka hita ya kuazima, umeme ukakatika nyumba nzima, na Ammi Saleh, yule mzee wa Kiyemeni anayelinda jengo, akapanda mbio kutuonya. Nikakwambia, "Huyu alijuaje upesi hivi?" Ukasema, "Dada, bwana wee, ni mlinzi. Kazi yake kujua."

Tukaenda wote wawili mara ya kwanza kwa Abu Nasir, pale ofisini kwake chini. Mimi ndiye niliyesema, na yeye akakujibu wewe. "Inshallah bukra," akasema, ati kesho, na macho yake yako kwako. Tukatoka, nikakubana pale pale kwenye ngazi: "Unajuana na huyu?" Ukasema, "Namjua wapi mimi?" Ukapanda ngazi haraka, na wewe ngazi huzipandi haraka hata siku moja.

Bukra yake haikufika. Mama Hiba akatuambia tusimbembeleze. Mwenye nyumba aliyepangisha nyumba yenye joto, alisema, ni lazima alirudishe joto, na kuna ofisi ya malalamiko ya wapangaji, mumewe aliwahi kwenda wakati maji yalipokatika. Mimi nikasimama kufunga mtandio niende. Baba Nuru akaogopa, akasema Abu Nasir anakaa baraza moja na kafili wake, tutajikuta tunarudishwa Mombasa na mzigo mikononi. Nawe ukaingilia, "Tusifike huko, dada. Niachie mimi niongee naye." Nilishangaa. Wewe uliyekuwa unaogopa hata kudai chenji dukani.

Halafu Nuru akashikwa na kifua. Sitaki kuirudia ile wiki, na wewe uliikaa yote. Daktari aliuliza, "Mtoto analala kwenye baridi?" nikamvutia Nuru shuka. Wewe ulikuwa umeshika kidole cha Nuru chenye kile kibanio cha kupimia hewa, hulii, unatazama ukuta. Nilidhani ni uchovu. Sasa najua ulikuwa unaamua.

Tuliporudi nyumbani hukumaliza hata kikombe cha chai. "Dada, Abu Nasir amenichumbia. Nimekubali." Nikasema, "Yule? Mwenye mke na wajukuu?" Ukasema, "Nimempenda." Ukalisema ukikung'uta mto ambao hauna vumbi. Baba Nuru alikuwa safarini Dammam. Kaka Athumani, kwa kuwa baba hayupo na yeye ndiye walii wako, akaozesha kwa simu, na sisi wanawake tukakaa chumba cha pili na juisi za pakiti. Nilikuuliza mahari umetaja nini. "Mahari ni siri ya mwanamke," ukaniambia, ukanibusu shavu. Nikatazama mikono yako siku unayoondoka kwenda Jeddah kwa mama yake. Hakuna bangili, hakuna pete ya maana. Nikajisemea, ama amemdhulumu ama dhahabu ameificha asiione mke mkubwa. Mawazo yangu yalikomea kwenye dhahabu.

Lakini hili hapa ndilo lililonikosesha usingizi. Siku ile ile ya nikahi, kabla hatujakusanya glasi, mashine ikaanza kupuliza moto. Kila mtu "mashallah, mashallah". Mimi nikasimama katikati ya sebule na trei. Fundi yuko wapi? Mimi nashinda humu ndani kutwa. Sikuona fundi, sikuona ngazi, sikusikia nyundo. Machale yakanicheza mwili mzima. Mashine iliyokufa tangu baridi ianze imefufuliwa na nani, na shehe?

Nikamwendea Ammi Saleh na sahani ya mahamri, maana yule mzee ukimpa kitu kitamu hawezi kudanganya vizuri. Alizunguka, akaniambia mafi mushkila, hakuna tatizo, akanisifia mahamri. Nikakaa pale pale kwenye kiti chake mpaka akachoka. "Mama," akasema, "mimi nilipewa ufunguo wa sanduku la umeme, nikaambiwa zima ya kwenu. Nikapewa tena, nikaambiwa washa. Halas, basi."

Nilipanda ngazi mbio. Nikampigia Kaka Athumani, na sikumwamkia. Nilimwambia nieleze yote au usiniite dada yako tena. Akajitia hamnazo, kisha akalia, Rukia. Kaka yetu analia! Akasema Abu Nasir alimpigia kukuposa kabla baridi haijaanza. Alipata namba kwako, ulimpa mwenyewe kwa adabu, ukijua kaka atakusaidia kukataa. Na mlikataa. Wewe ulisema hutaki, kaka akamjibu vizuri, yakaisha. Wiki hazikupita nyingi, sisi tukaanza kulala na abaya.

Kwa hiyo ulijua. Pale ofisini, mimi nikipiga kelele za mashine, wewe peke yako ndiye uliyejua anachokitaka yule mtu. Ulijua hata kwa nini ni yetu na si ya Mama Hiba. Ukanyamaza, ukawa unashona soksi.

Nikamuuliza kaka, "Na mahari?" Akasema, "Hakutaka dhahabu. Shehe alipomuuliza, alisema warudishiwe joto wapangaji wa ghorofa ya pili, ndio nyinyi, na lisizimwe tena."

Nilikasirika, nisikufiche. Nilikukasirikia wewe kwanza, kabla yake yeye. Ulinizunguka! Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mama wa mtoto, nani alikutuma ukanunulie mwanangu joto kwa mwili wako? Nilipiga sufuria chini, Nuru akaanza kulia, nikamchukua, na alikuwa na joto, mashavu mekundu, anapumua bila kuforota. Nikashindwa hata kuendelea kukasirika. Nikakaa nikalia kwa aibu, kwa sababu amepona.

Na tangu hapo kila kitu chako nakitilia shaka. Unaposema mama yake amekupenda, najiuliza kama umeolewa au umeajiriwa bila mshahara. Unaposema hutoki nje kwa sababu ya jua, nauliza mlango unafungwa na nani. Unaponiambia "dada, mimi niko raha," nasikia mtu anayeogopa kwamba akimkosea mume huko, mtoto atazimiwa huku. Niambie nimekosea. Kwa Mungu, mara hii moja nataka niwe nimekosea.

Basi nimefanya nililopaswa kulifanya ule msimu wa kwanza. Nilimwambia Baba Nuru habari yote. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa, na ilikuwa Jumatatu, akachukua mkataba, tukaenda na Mama Hiba kwenye ile ofisi. Nilitegemea kufukuzwa. Karani, kijana tu, alisoma kile kipengele cha mashine akamuuliza Baba Nuru, "Sasa mlikuwa mnamwomba nini? Hii ni haki yenu. Mngekuja na hii karatasi tu." Mngekuja na hii karatasi tu, Rukia.

Abu Nasir aliitwa. Alipotuona alitandaza mikono, akacheka, "Mnanishitaki mimi, shemeji yenu?" Baba Nuru, yule yule mwoga, akamwambia, "Hapa mimi ni mpangaji." Abu Nasir akaandikishwa ahadi ya kutotuzimia mbele ya karani, na ufunguo wa lile sanduku la umeme akaamriwa autoe. Sasa ninao mimi, nimeufunga kwenye pindo la leso. Bado simwamini, nimemwambia Baba Nuru atafute nyumba nyingine mkataba ukiisha. Lakini hawezi tena kutuzimia. Ukimnunia, ukimjibu, ukimwacha, huku hakuna kitakachozimika. Usikae hata siku moja kwa ajili yetu.

Kama kweli umekuja kumpenda, na mimi sijui, moyo una mambo yake, kaa. Sitakuvunjia nyumba. Lakini kama unangoja mtu akufungulie njia, Baba Nuru Alhamisi atakuwa Jeddah, atafikia Hindawiyah kwa rafiki yake wa zamani, na gari lina nafasi.

Kabla hujaamua, nataka umwambie mumeo neno moja, umwambie kwa kile Kiarabu chako kizuri, mama yake akisikia. Mahari hutoka kwa mume, kitu chake anachompa mkewe. Lile joto halikuwa lake. Lilikuwa letu tangu siku tuliyotia saini, alitunyang'anya sisi akakulipa wewe. Mwambie hivyo umtazame usoni. Mwambie umelala naye muda wote huu na hajakupa kitu.

Nuru anatembea sasa, na kila mwanamke mwenye hina kama yako anamwita jina lako. Nakuacha na Mungu na akili zako, na wote wawili nawaamini kuliko ninavyoamini kitu kingine chochote.

Mdai mahari yako, mdogo wangu. Hujalipwa.

Dada yako