Shibiri Moja Ziwani

Tabora, Jumapili jioni

Barua ya mume wangu ilisema tu, "Safari ilikuwa njema." Leo ndipo nimejua yaliyotokea.

Saidi amekuja likizo kutoka Kigoma pamoja na Yusufu. Wote ni washika usukani, kila mmoja na meli yake. Tukiwa tunakula, Yusufu akaanza utani.

"Shemeji, mumeo alinijia kwenye ukungu na meli nzima, kama jirani anayekuja kuazima chumvi."

"Wewe ndiye uliyekuja," Saidi akajibu. "Nusura nikukaribishe ndani."

Nilicheka hadi nikapaliwa. Kisha nikauliza meli zilikaribiana kiasi gani. Yusufu akaonyesha mtungi wa maji pale mlangoni: "Kutoka hapa hadi pale." Kicheko kikaniishia.

Saidi alipotoka kufuata maji ya kunawa, Yusufu akaninong'oneza, "Mimi niliganda, shemeji. Yeye ndiye aliyekata usukani. Bila yeye nisingekuwa hapa."

Alhamisi Saidi anarudi ziwani. Naogopa, sijui hata nimwambie nini.

Saidi aliporudi na maji, Yusufu akaendelea na utani: "Meli huiwezi, kachunge ng'ombe kwenu Ziba!" Saidi akacheka tu, hakujitetea.

Nikampakulia Saidi nyama yote iliyobaki. Yusufu akaona, akaacha utani, akamsogezea Saidi sahani karibu.