Filamu ya Mtaroni, na Mume Wangu

Jumatano, 3 Julai 2024
Nshaitazama mara tatu kwenye laptopu — bado naitaka. Filamu ya vita, ya zamani, haina hata rangi. Wapiganaji kumi na wawili wamezingirwa mjini. Njia iliyobaki ni mtaro wa maji machafu chini ya barabara. Wanashuka wamefungana kamba moja. Mtaro unapogawika, kamba inavutwa, inakuja tupu. Muuguzi wao anajifungua kamba, anarudi kizani kumtafuta aliyepotea. Hakuna muziki. Maji tu. Nani aliwaza kitu kama hiki!
Ijumaa tunaionesha ukumbini Vuga. Mie ndiye nnayesoma maneno yake kwa Kiswahili.

Alhamisi, 4 Julai
Binti yetu Khairiya kanambia Bi Mashavu, mama wa kijana aliyemposa, naye anakuja kesho. Ataka baba yake asije. Watu wale tuliwaambia mume wangu Duni ni karani wa afisi. Wazo langu. Duni anazibua mitaro na makaro ya vyoo, mwaka wa ishirini na mbili huu.
Sikumwambia asije. Wala aje.

Ijumaa, 5 Julai
Duni kaja. Kanzu nyeupe, kakaa nyuma kabisa. Nilisoma mpaka koo likakauka. Watu sitini, hakuna aliyegusa simu.
Kwenye mazungumzo, mwalimu mmoja akasema filamu imetia chumvi: mtu aliye hatua kumi humpotezi, unamwita tu. Wengi wakakubali.
Duni akasimama.
"Samahani, mwalimu. Kule chini ukiita, sauti inakurudia pande zote. Hujui mwenzako yuko mbele au nyuma. Mie kazi yangu mitaroni. Mwenzangu alizidiwa na hewa mle, nikafungua kamba nikarudi."
Mwalimu akauliza kama alimpata.
"Nilimpata. Keshakufa."
Akakaa. Miaka yote hii hajanambia. Nilimtazama kama nilivyomtazama yule muuguzi — zaidi.
Bi Mashavu aliondoka bila ya kuniaga.

Jumamosi, 6 Julai
Khairiya hasemi nami. Duni kaniuliza kama kakosea. Nikamwambia mkosa ni mie, yule karani nilimzua mie. Akacheka kidogo. Kisha ataka kujua muuguzi alifunga fundo gani. Tukairudia sehemu ile, mara mbili.

Jumatatu, 8 Julai
Bi Mashavu kapiga simu: anakuja Alasiri, ana neno. Neno gani, hakusema.
Nilimwandikia Duni apite mlango wa uani. Nikaufuta ujumbe, sikuutuma.
Sasa wamekutana mlangoni. Naandika jikoni. Duni na gambuti zake — namsikia akimwomba radhi, asimsogelee, ametoka kazini.
"Mwite Khairiya," anasema Bi Mashavu. "Nilokuja kuyasema, nataka ayasikie mbele ya baba yake."
Chumbani kwa Khairiya kitasa kinazunguka —